Jengo likipigwa na matetemeko mawili: namna ya kukadiria msogeo

Asalaam aleikum. Wengi wetu hupiga hesabu ya tetemeko moja kubwa, tukafunga daftari. Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, tetemeko la 7.8 lilifuatwa na la 7.5 siku hiyo hiyo. La pili lilikuta majengo yameshapasuka.

Tuchukue ghorofa ya fremu ya zege pale Mwanakwerekwe, tuifanye tungamo (masi) moja juu ya nguzo moja.

Hatua ya 1. Tafuta kipindi cha mtikisiko, T: 2π mara kipeuo cha pili cha tungamo gawa kwa ukakamavu (ugumu wa jengo kusukumwa kando). Tuseme sekunde 0.3.

Hatua ya 2. Pata msogeo, yaani jengo linavyosogea kando, kama lingebaki nyumbufu (lirudi lilivyokuwa bila kuharibika): mchapuko wa jengo mara (T/2π)². Kwa mchapuko wa mfano wa 0.3g (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia), ni milimita 6.7.

Hatua ya 3. Gawa nguvu ya jengo nyumbufu kwa nguvu ambayo nondo zinaanza kulegea. Hiyo ni R. Hapa tuseme 3. Kanuni ya misogeo sawa inakwambia msogeo haubadiliki hata nondo zikilegea. Ni kweli kwa jengo lenye T kubwa, lakini kwa fupi kama hili inapunja. Tumia μ = (R−1)·Tc/T + 1, ya N2, mbinu ya kukadiria misogeo ya mhandisi Peter Fajfar; μ ni msogeo wote gawa kwa msogeo ambao nondo zinaanza kulegea. Tc, kipindi cha mpaka kinachotegemea udongo, kikiwa sekunde 0.5, μ ni 4.3 na msogeo (6.7 gawa kwa R, mara μ) unapanda hadi milimita 9.7.

Hatua ya 4, na hapa ndipo naomba mtulie. Tetemeko likikoma nguzo hairudi wima kabisa, na zege yenye nyufa imepungua ukakamavu, kwa hiyo T imerefuka. Usianze tena na sifuri! Kwenye kompyuta, unganisha rekodi mbili za mtikisiko wa ardhi, katikati weka kama sekunde 100 za ukimya jengo litulie, kisha endesha zote kwa mfululizo. Chagua modeli ambayo ukakamavu wake unapungua kila jengo linaporudi nyuma. Jozi moja ya rekodi haitoshi.

MASWALI

Kutoka Wete: Maalim, si nijumlishe tu misogeo miwili?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Pigo la pili laweza kulisukuma jengo kule kule lilikoinamia, au kulirudisha. Geuza alama ya rekodi ya pili (chanya iwe hasi), endesha tena, chukua msogeo mkubwa.

Kutoka Chake Chake: Kwetu kuna haja?
Jibu: Agosti 2020 tetemeko la baharini lilihisika Dar es Salaam na hapa Unguja. Ila 0.3g ni ya mazoezi, usiipeleke kwenye ramani ya mteja.

Kutoka Malindi: Na nyumba za Mji Mkongwe?
Jibu: Mawe ya matumbawe na chokaa hayana nondo ya kulegea. Ukuta hupasuka, kisha hutoka nje kwa ubavu. Kwa nyumba hizo kagua kwanza kama boriti za mikoko bado zimeshika ukuta, μ haitakusaidia.