Keki ya biskuti ya Pasaka: matabaka manne, bila oveni

Biskuti ya Marie ikilala usiku kucha katikati ya kastadi na krimu haiamki biskuti. Inafyonza maji kidogo kidogo, inavimba, inalegea, na kesho yake kisu kinapita kama kwenye keki. Kazi yote ya kitindamlo hiki ni hiyo: kuiacha biskuti inywe, lakini isilewe. Trei ikikushinda, mara nyingi sababu ni maji: kastadi ilibaki nyepesi, biskuti zilikaa mno kwenye maziwa, au krimu iliachia maji. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inauliza swali moja, maji yatakwenda wapi?

Kwa Pasaka inafaa sana. Sikukuu hii huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na pwani hapo masika yanaanza au yameshakolea. Jumapili yenyewe jiko limejaa pilau na kuku, hakuna nafasi ya kuhangaika na keki. Hii unaimaliza Jumamosi mchana kabla ya kwenda kwenye mkesha, friji inafanya kazi iliyobaki, na Jumapili baada ya chakula cha mchana unakata tu.

Vipimo (trei ya sm 20 kwa 30, kina sm 6, vipande 12 vikubwa)

Biskuti: pakiti 2 za Marie, gramu 200 kila moja. Utatumia kama 60, zitabaki chache za kuziba nafasi na za watoto wanaozunguka jikoni.

Maziwa ya kuchovyea: ml 250, na nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa.

Kastadi: maziwa ml 750 yasiyotolewa mafuta, unga wa kastadi vijiko 6 vya chakula vilivyosawazishwa (gramu 60 hivi), sukari gramu 75, yaani vijiko 6 vya chakula, siagi gramu 30, chumvi, chembe tu, vanila kijiko 1 cha chai.

Krimu: krimu ya kupiga ml 400, yenye mafuta asilimia 35, sukari ya unga vijiko 3 vya chakula, maziwa ya unga vijiko 2 vya chakula.

Rojo la juu: ute wa pasheni ml 200 (tunda 8 hadi 10, kutegemea ukubwa), sukari gramu 80, maji ml 50, konflawa kijiko 1 na nusu cha chakula.

Mbona pasheni na si embe? Kwa sababu msimu mkubwa wa maembe ya pwani umeshapita Pasaka inapofika, na pasheni ina ukali unaokata utamu wa krimu. Nanasi linafaa pia, lakini lazima lipikwe kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na likikaa usiku kucha juu ya krimu huifanya iwe chungu. Papai bichi nalo lina tabia hiyo hiyo.

Kuhusu biskuti

Marie ilitengenezwa London mwaka 1874 na kampuni ya Peek Freans, kwa heshima ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi, Maria Alexandrovna. Kinachotuhusu zaidi ni vile vitobo usoni mwake: hupitisha mvuke wakati wa kuoka ili biskuti isivimbe katikati, ndiyo maana inatoka bapa na inapangika vizuri. Pia haina mafuta mengi, kwa hiyo inakunywa sawasawa kila upande.

Biskuti za glukosi za mstatili zinakaa vizuri zaidi kwenye pembe za trei, ila zinalowa haraka mno. Ukizitumia, usizichovye kabisa. Zile nene za ngano nzima zinamomonyoka. Zenye krimu katikati achana nazo, zinatelezesha matabaka.

Angalia pakiti kabla ya kuanza. Hewa ya masika ina unyevu mwingi, na biskuti iliyofunguliwa jana imeshaanza kunywa. Ivunje: isipotoa sauti kavu, tafuta pakiti nyingine.

Hatua ya 1: Rojo na maziwa ya iliki

Anza na hivi kwa sababu vyote viwili vinahitaji muda wa kupoa.

Chemsha maziwa ya kuchovyea pamoja na iliki, funika, weka pembeni yapoe kabisa. Maziwa ya moto yanaingia kwenye biskuti kwa kasi, utashika uji mkononi.

Rojo: chuja pasheni, rudisha kijiko kimoja cha mbegu kwa ajili ya sura. Koroga konflawa na yale maji ml 50 ya baridi mpaka isibaki chenga. Tia pasheni na sukari kwenye sufuria ndogo, ikianza kutokota mimina konflawa huku unakoroga, acha ichemke dakika moja, ipua. Usiiache motoni dakika kumi ukifikiri itazidi kuwa nzito. Ukali wa pasheni pamoja na moto mrefu hukata nguvu ya konflawa, na rojo linarudi kuwa jepesi.

Hatua ya 2: Kastadi

Unga wa kastadi ni konflawa yenye rangi na harufu ya vanila, hauna yai. Alfred Bird wa Birmingham aliutengeneza mwaka 1837 kwa sababu mke wake alikuwa hapatani na mayai. Faida kwetu ni kwamba unaweza kuuchemsha bila kuogopa yai kukatika, na lazima uchemke. Wengi wanakosea hapa. Wanaona imeanza kushika, wanazima gesi.

Chota maziwa ml 150 ya baridi kutoka kwenye zile ml 750, koroga unga wa kastadi humo mpaka ulainike. Maziwa yaliyobaki yaweke jikoni na sukari na chumvi. Yakianza kupanda, punguza moto, mimina mchanganyiko kwa mkono mmoja na kukoroga kwa mwingine, kwa mchapo wa waya, ukipita mpaka kwenye kona za sufuria. Itakuwa nzito ghafla. Endelea. Subiri mapovu mazito yapasuke juu, "blup", kisha hesabu dakika mbili kamili ukiendelea kukoroga. Ipua, tia siagi na vanila.

Kipimo: chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia ya kidole ibaki wazi bila kingo zake kutiririka.

Na ukionja, kijiko ulichotia mdomoni kisirudi kwenye sufuria. Si ustaarabu tu: mate yana kimeng'enya kinachoyeyusha wanga, na kastadi iliyokuwa imeshika inaweza kukutana nawe asubuhi ikiwa maji.

Kalisha sufuria kwenye beseni la maji ya baridi, koroga kila baada ya dakika chache ili isifanye utando. Inachukua nusu saa hivi. Unataka ifike joto la kawaida la chumba lakini bado imiminike kwa uzito. Usiitie friji kwa hatua hii. Ikiganda halafu ukaivuruga, ule mshikamano haurudi ulivyokuwa, na itaachia maji pembeni.

Hatua ya 3: Krimu

Joto la pwani ni adui wa krimu. Krimu inasimama kwa sababu matone ya mafuta yanashikana kuzunguka mapovu ya hewa. Mafuta yakilegea kwa joto, mapovu yanapasuka. Ndiyo maana krimu ya asilimia 20 haisimami hata ukipiga mpaka mashine inukie kuungua: mafuta ni machache. Soma boksi.

Weka bakuli na panga za mashine kwenye friza dakika 20. Krimu ilale friji tangu jana yake. Kama jiko lina joto, kalisha bakuli juu ya sufuria yenye barafu. Piga kwa mwendo mdogo hadi ianze kushika, tia sukari ya unga na maziwa ya unga, ongeza mwendo. Maziwa ya unga yanafyonza maji ya ziada, krimu haivuji kesho yake.

Simama pale ukiinua mashine, ncha ya krimu inasimama na kupinda kidogo mwishoni. Kutoka hapo hadi kuharibika ni sekunde chache. Ukiona uso unaanza kuwa wa punje punje na rangi inaelekea njano, umeanza kutengeneza siagi. Zima mashine mara moja, tia vijiko viwili vya krimu ya baridi ambayo haijapigwa, changanya kwa mwiko polepole. Mara nyingi inarudi. Ikishatoa maji meupe chini, hiyo imekwenda, paka mkate.

Krimu ya unga, ile ya mafuta ya mimea wanayotumia wapambaji wa keki, inavumilia joto vizuri zaidi. Ladha yake ni hafifu na utamu wake ni mwingi, kwa hiyo ukiitumia usiongeze sukari. Fuata kipimo cha pakiti.

Hatua ya 4: Kupanga

Mpango ni huu, kuanzia chini: biskuti, kastadi, biskuti, krimu, biskuti, kastadi, biskuti, krimu.

Mimina maziwa ya iliki kwenye sahani ya bakuli. Chovya biskuti moja moja. Sema "moja", geuza, sema "moja", toa, kung'uta. Basi. Ukitaka kuhakikisha, chovya moja ya majaribio, iache dakika moja, kisha ivunje: katikati bado uonekane mstari mkavu, kama uzi mwembamba. Kama hauonekani, unachovya mno. Kiu iliyobaki kwenye uzi huo ndiyo itakayovuta maji ya ziada kutoka kwenye kastadi na krimu usiku.

Safu ya chini ichovye upande mmoja tu, ule unaotazama juu, kwa sababu maji hushuka na safu hiyo ndiyo itakayopokea ya wenzake wote. Ukiilowesha sawa na nyingine, kipande kitabaki kwenye trei ukijaribu kukitoa.

Biskuti nzima 12 zitaingia kila safu, tatu kwa nne. Nafasi zinazobaki ziba kwa vipande vilivyovunjwa. Usiache mashimo kwa kuona uvivu, maana kastadi itazama humo na matabaka hayataonekana ukikata. Mimina nusu ya kastadi, sawazisha kwa mgongo wa kijiko mpaka kwenye kingo. Panga safu ya pili, ikandamize kidogo kwa viganja ili hewa itoke. Paka nusu ya krimu. Rudia.

Kabla ya kuweka krimu ya kwanza, gusa kastadi ya chini ya biskuti kwa kidole pembeni. Ikiwa bado ina uvuguvugu, tia trei friji dakika 15.

Wapo wanaochovya kwenye kahawa badala ya maziwa ya iliki. Wareno hufanya hivyo kwenye keki yao ya Marie, wakiweka krimu ya siagi katikati. Ni nzuri, ila kahawa na pasheni haziivani. Ukienda njia hiyo, juu nyunyiza kakao.

Hatua ya 5: Friji, halafu rojo

Funika kwa nailoni ya chakula, friji saa mbili kwanza. Krimu ya juu ikishakaza ndipo umimine rojo, likiwa limepoa kabisa. Limimine mgongoni mwa kijiko kilichoshikwa karibu na krimu ili lisichimbe shimo. Rojo vuguvugu litayeyusha krimu na utapata michirizi ya njano na nyeupe, inayopendeza machoni lakini inateleza ikikatwa.

Jumla iwe saa 8 kwa uchache, 12 hadi 18 ndiyo yenyewe. Saa 4 hazitoshi: biskuti bado zitapambana na uma.

Usiharakishe kwa friza. Wanga ulioganda kwa barafu ukiyeyuka huachia maji, na trei nzima inaanza kulia. Umeme ukikatika usiku, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa inahifadhi ubaridi kwa saa 4 hivi.

Kukata

Toa trei dakika 5 kabla, si zaidi. Chovya kisu kirefu kwenye maji ya moto, futa, kata kwa kushusha moja kwa moja bila kukereza, futa tena. Kipande cha kwanza cha kona huvunjika karibu kila mara, hicho ni cha mpishi. Kisha rudisha trei friji. Maziwa na krimu kwenye joto la masika visikae mezani zaidi ya saa moja.

Ukikuta maji chini ya trei lakini matabaka yamesimama, kastadi haikuchemka vya kutosha. Inalika tu, chota kwa kijiko kwenye vikombe na usiseme neno. Ikiwa biskuti ni ngumu katikati, iongezee saa nne za friji.

Kilichobaki kinakaa friji hadi siku tatu. Jumatatu ya Pasaka ndipo kinapokuwa kitamu kuliko siku zote. Jumanne biskuti zimeshalewa, lakini bado watu watakula.