Kuanza Kutumia Pinterest: Kukusanya Mishono Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Mtu anayejiandaa kushonesha nguo ya harusi siku hizi huwa na picha nyingi kuliko maneno. Nyingine amezinasa kutoka kwenye skrini ya simu, nyingine ametumiwa na mashoga zake kwa WhatsApp, nyingine aliziona katika ukurasa wa mtu ambaye jina lake limemtoka, na siku ya kwenda kwa fundi hujikuta akizisaka katikati ya picha za watoto na risiti za malipo. Pinterest ni tovuti, na pia programu ya simu, inayompa mtu mahali pamoja pa kuziweka picha hizo kwa mpangilio, huku nyingi zikibaki na kiungo cha kule zilikotoka. Iliasisiwa Marekani na Ben Silbermann, Paul Sciarra na Evan Sharp, ikafunguliwa mwezi Machi mwaka 2010, na hadi Agosti 2012 mtu hakuweza kujiunga bila kualikwa au kuomba nafasi. Leo kujiunga ni bure kwa yeyote aliyetimiza miaka 13. Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa mishono ya vitenge, kwa kuwa ndio ninaoufahamu vizuri, ingawa njia ni ileile kwa anayekusanya ramani za nyumba, mapambo ya ukumbi au mapishi.

Kujisajili hakuchukui muda. Unahitaji anwani ya barua pepe, nywila na tarehe ya kuzaliwa, au unaweza kuingia kwa akaunti yako ya Google. Utaombwa kuchagua mada chache zinazokupendeza. Chagua zile tu unazozihitaji kwa kazi uliyonayo, kwa sababu picha utakazoletewa katika ukurasa wa mwanzo zitatokana na uchaguzi huo.

Kila picha iliyohifadhiwa huitwa pini, na pini hupangwa katika mbao, yaani makundi ya picha ambayo kila moja, ubao, unalipa jina lake. Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Mtu hufungua ubao mmoja akauita "Mitindo", akaumiminia kila kinachomvutia, na baada ya mwezi mmoja ana picha mia tatu zisizomsaidia kuamua lolote. Ushauri wangu ni kwamba ubao upewe jina la kazi inayotakiwa kufanyika, kwa mfano "Gauni la kitenge la send-off", "Sare za wasimamizi" au "Nguo za watoto za Idi", kiasi kwamba ukiliona jina hilo unajua mara moja ni picha ipi inaingia na ipi haistahili. Ubao ukikua, ugawe katika sehemu ndogo: shingo, mikono, mgongo, urefu. Mgawanyo huu una maana kubwa kwa anayeshona, kwa kuwa ni nadra mteja kutaka vazi zima kama lilivyo pichani. Mara nyingi hutaka shingo ya gauni hili, mikono ya lile, na mkato wa kiuno wa jingine. Unapohifadhi picha, ongeza maneno yako mwenyewe mahali pa kuandika dokezo, useme ni kitu gani hasa kilichokuvutia. Utashangaa jinsi sababu hiyo inavyosahaulika upesi.

Kuhusu kutafuta, neno unaloliandika ndilo linaloamua utakachokiona. Ukiandika "mishono ya vitenge" utapata kazi za Tanzania na majirani zake, lakini kitambaa hichohicho kina majina mengine. Afrika Magharibi wengi hukiita ankara, Zambia na Malawi ni chitenge, na katika nchi zinazotumia Kifaransa, Kongo ikiwamo, huitwa pagne. Jaribu kila jina kwa zamu yake, ukiliambatanisha na aina ya vazi unalolitaka, na utaona mafundi wa Lagos, Lusaka na Kinshasa wanavyokikata kitambaa kimoja kwa fikra tofauti kabisa. Mimi huona hili ndilo zuri kuliko yote katika tovuti hii.

Ipo pia njia ya kutafuta bila maneno. Ukifungua pini, gusa alama ya kutafutia iliyo juu ya picha yenyewe, kisha usogeze fremu itakayotokea hadi izunguke sehemu unayoitaka, labda mkono peke yake au ukosi. Pinterest itakuletea picha nyingine zenye umbo linalofanana na sehemu hiyo. Kwa asiyejua mkono wa aina fulani unaitwaje, msaada huu ni mkubwa mno.

Kabla ya kuhifadhi picha yoyote, naomba sana uifuatilie ilikotoka. Gusa kiungo chake. Kikikupeleka kwenye ukurasa wa mbunifu au duka, huenda ukapata picha ya mgongo wa vazi, aina ya kitambaa, na pengine hata maelezo ya ushonaji; kisipokupeleka popote, au kikakupeleka kwenye ukurasa uliojaa matangazo tu, hiyo ni picha ambayo huna uhakika nayo. Niliwahi kumpelekea fundi picha nzuri ya gauni iliyoonyesha mbele tu, naye akaniuliza zipu inakaa wapi na mgongo umekatwaje. Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo sihifadhi vazi nisilojua upande wake wa pili.

Tahadhari hii imekuwa na uzito zaidi sasa kwa kuwa picha nyingi za mavazi zimetengenezwa kwa akili mnemba. Tangu mwaka 2025 Pinterest imekuwa ikiweka alama kwenye picha inazozitambua kuwa zimetengenezwa au kubadilishwa kwa njia hiyo, lakini si zote zinazotambuliwa, hivyo jifunze kuangalia mwenyewe. Kuza picha uchunguze vidole vya aliyevaa, vifungo, na hasa mahali vipande viwili vya kitambaa vinapokutana. Katika kitenge halisi, maua hukatika kwenye mshono, na fundi hodari hujitahidi kuyalinganisha. Katika picha ya kubuniwa, maua hutiririka kutoka kifuani hadi mkononi kana kwamba hakuna mshono kabisa. Nguo kama hiyo hakuna mkasi utakaoitoa.

Ukurasa wa mwanzo ukianza kukuletea mambo usiyoyataka, gusa nukta tatu zilizo kwenye picha uiondoe, au ingia kwenye mipangilio uzime mada zisizokuhusu.

Kwa shughuli za kifamilia, tumia ubao wa siri. Ubao huo huonekana kwako na kwa wale uliowaalika tu, jambo linalofaa pale ambapo bibi harusi hataki vazi lake lijulikane kabla ya siku yenyewe. Unaweza kumwalika dada, shangazi na somo wako, kila mmoja akaweka picha zake na kutoa maoni. Ni vyema mkubaliane mapema nani ana neno la mwisho, maana ubao wenye wachaguaji sita huweza kufika siku ya kununua kitambaa bila uamuzi wowote.

Ikiwa wewe mwenyewe ni fundi, fungua akaunti ya biashara, ambayo nayo ni bure na hukuonyesha takwimu za picha zako. Picha ya kusimama yenye upana wa pikseli 1,000 na urefu wa pikseli 1,500 ndiyo inayokaa vizuri. Iandikie kichwa kinachotaja vazi na kitambaa, weka kiungo cha mahali unapopatikana, na uombe ridhaa ya mteja kabla ya kumwonyesha. Picha ya fundi mwenzako usiipakie kama kazi yako. Ihifadhi kutoka kwake, ili kiungo chake kiendelee kuwaleta wateja kwake.

Siku ya kwenda kwa fundi, pitia ubao wako usiku uliotangulia na uchague picha tatu, zisizidi hapo. Zipakue kwenye simu, kwa sababu bando linaweza kukuishia njiani, na kiungo ukimtumia fundi asiye na akaunti huenda akatakiwa kujisajili kwanza. Chini ya kila picha andika unachokitaka kutoka kwake, kisha mwulize fundi kitambaa kitahitajika kiasi gani kabla hujaenda dukani, kwani kitenge huuzwa sana kwa kipande cha yadi 6, na gauni refu lenye mikono mipana likiambatana na kilemba linaweza kukimaliza chote.