Namna ya kusoma vyanzo vya msingi vya siasa na vita vya Marekani, 1789–1815

Anayetaka kuandika juu ya siasa na vita vya Marekani katika miaka ya mwanzo ya jamhuri, tuseme tangu George Washington aliposhika urais mwaka 1789 hadi vita na Uingereza vilipokwisha mwaka 1815, ana nafuu kubwa: sehemu nzuri ya hati za kipindi hicho zimechapishwa, zimewekwa mtandaoni na zinasomwa bila malipo. Kazi ngumu kwake ni kujua hati aliyoipata imefikaje pale ilipo. Kabla ya kuuliza hati inasema nini, aulize imeandikwa na nani, lini, kwa ajili ya nani, na imepita mikononi mwa watu gani hadi ikawa ukurasa anaousoma.

Anza na swali finyu. Vita vya mwaka 1812 kwa ujumla wake ni mada tu, ilhali sababu za Baraza la Wawakilishi kupitisha vita tarehe 4 Juni 1812 kwa kura 79 dhidi ya 49 ni swali, kwa kuwa linakuelekeza kwenye hati zinazohesabika: ujumbe wa siri ambao Rais James Madison aliupeleka Kongresi, yaani bunge lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, tarehe 1 Juni, taarifa ya kamati ya mambo ya nje, orodha ya kura, barua za wabunge, na magazeti ya wiki zile. Ukishapata swali, chora jedwali lenye safu mbili za tarehe, moja ya siku hati ilipoandikwa na nyingine ya siku ilipomfikia aliyeandikiwa. Safu hii ya pili wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Madison alitia saini tangazo la vita tarehe 18 Juni 1812. Siku tano baadaye serikali ya Uingereza ilifuta amri zake dhidi ya biashara ya meli za Marekani, zilizokuwa miongoni mwa sababu kuu za vita, na hakuna upande uliokuwa na habari za mwenzake, maana barua ilichukua wiki kadhaa kuvuka Atlantiki. Mkataba wa amani nao ulitiwa saini mjini Ghent, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 24 Desemba 1814, kisha majeshi yakapigana New Orleans tarehe 8 Januari 1815. Msomaji asiyeangalia tarehe ya kufika kwa habari atamlaumu mtu kwa kupuuza jambo ambalo hakuwa amelisikia.

Kwa barua za viongozi, mlango wa kwanza ni Founders Online, mkusanyiko wa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani wenye maandishi ya Washington, Benjamin Franklin, John Adams, Thomas Jefferson, Alexander Hamilton, John Jay na Madison. Soma barua pamoja na maelezo ya wahariri yaliyo chini yake, kwa sababu hapo ndipo utakapoambiwa kama kilichobaki ni barua yenyewe iliyopelekwa, rasimu, au nakala iliyoandikwa na karani. Rasimu yenye maneno yaliyofutwa huonyesha mwandishi alikuwa akisitasita wapi, na barua iliyopelekwa huonyesha alichokubali kisomwe. Angalia pia kama mwandishi aliirudia kazi yake uzeeni. Mwaka 1792, Kongresi ilipodai hati za kijeshi kutoka kwa Washington, Jefferson aliandika kumbukumbu za kikao cha mawaziri waliojadili kama rais ana haki ya kuzuia baadhi yake. Lakini kumbukumbu zake za aina hiyo alizipanga na kuziandikia utangulizi mwaka 1818, akiwa na hamu ya kujibu historia iliyoandikwa na wapinzani wake. Kumbukumbu hizo bado zina thamani kubwa, ila zisomwe kama neno la mtu aliyekuwa akijenga hoja.

Kwa mijadala ya Kongresi, wengi hukimbilia Annals of Congress, na hapa tahadhari ni ya lazima. Vitabu vile vilichapishwa kati ya mwaka 1834 na 1856, miongo kadhaa baada ya mijadala ya kwanza, na kwa sehemu kubwa vilikusanywa kutoka kwenye taarifa za magazeti. Hotuba unayoisoma humo ni muhtasari wa mwandishi wa habari aliyekaa ukumbini, pengine akisikia vibaya, pengine akikipendelea chama chake, na mara nyingine ni maandishi ambayo mbunge mwenyewe aliyapeleka gazetini baada ya kuyapamba. Usiyanukuu kana kwamba ni maneno halisi yaliyotoka mdomoni. Majarida rasmi ya Baraza la Wawakilishi na Seneti hayana hotuba, lakini hoja zilizotolewa na kura zilizopigwa yanaziorodhesha kwa uhakika zaidi. Kwa hiyo kura ichukue kwenye jarida, na hoja itafute kwenye Annals ukiilinganisha na gazeti la siku zile. Seneti iliendesha vikao vyake milango ikiwa imefungwa hadi mwaka 1795, ndiyo maana shajara ya William Maclay, seneta wa Pennsylvania katika Kongresi ya kwanza, ina thamani isiyo ya kawaida, ingawa ni shajara ya mtu mwenye kinyongo aliyemdharau Adams, makamu wa rais aliyeongoza vikao vya Seneti, karibu kila ukurasa. Hata kura ya vita ya Juni 1812 ilitanguliwa na vikao vya faragha, hivyo usishangae kukuta mjadala uliotarajia uwe mrefu umeacha maandishi machache.

Magazeti yana hila zake. Gazette of the United States lilimuunga mkono Hamilton, waziri wa fedha, na National Gazette, lililoanzishwa mwaka 1791, lilihaririwa na Philip Freneau wakati huohuo akilipwa kama mfasiri katika wizara ya mambo ya nje ya Jefferson, mpinzani wa Hamilton. Makala nyingi zilitiwa majina ya kubuni: mwaka 1793 Pacificus alikuwa Hamilton, na Helvidius aliyemjibu alikuwa Madison, aliyesukumwa na barua ya Jefferson ya kumtaka ashike kalamu. Sheria ya posta ya mwaka 1792 iliwaruhusu wahariri kupelekeana magazeti bila malipo, na matokeo yake habari moja ilinakiliwa kutoka mji hadi mji. Ukiikuta habari kwenye magazeti sita, tafuta lililotangulia. Huenda una shahidi mmoja tu. Na unapotafuta neno kwenye magazeti yaliyopigwa picha, kumbuka kwamba wachapaji wa karne ya 18 walitumia s ndefu inayofanana na f, na kompyuta huisoma hivyo, basi tafuta “Congrefs” pamoja na “Congress”. Majina nayo tafuta kwa tahajia za wakati ule: Pasha, cheo cha mtawala wa Tripoli, kiliandikwa “Bashaw”, na watu wa Shawnee, kabila la wenyeji wa Marekani, wakaitwa “Shawanoes”.

Upande wa vita una pengo ambalo ni lazima ulijue mapema. Tarehe 8 Novemba 1800 ofisi ya Wizara ya Vita iliungua na kumbukumbu zake zikateketea. Mradi uitwao Papers of the War Department umejaribu kuliziba pengo hilo kwa kukusanya nakala zilizobaki kwa watu walioandikiana na wizara, kwa hiyo barua ya Waziri wa Vita Henry Knox unayoisoma leo mara nyingi imeokolewa na aliyeipokea. Taarifa zilizowasilishwa Kongresi zimo katika American State Papers, zilizopangwa kwa mafungu kama vile mambo ya kijeshi, mambo ya nje na mambo ya Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa wenyeji wa Marekani. Humo utakuta uchunguzi wa Kongresi juu ya kushindwa kwa Jenerali Arthur St. Clair na wenyeji hao tarehe 4 Novemba 1791, siku ambayo zaidi ya askari 600 waliuawa. Utakuta pia kumbukumbu za mazungumzo ya amani ya Greenville kati ya Marekani na wenyeji, ya mwaka 1795, zenye hotuba za Little Turtle, kiongozi wa kabila la Miami aliyekuwa miongoni mwa washindi wa mwaka 1791. Hotuba hizo zilipita kwa mkalimani William Wells, aliyemwoa binti wa Little Turtle, kisha kwa karani wa jeshi la Marekani. Madai ya msingi ya msemaji yanaweza kuaminika, hasa yanapoikera serikali iliyokuwa ikiyaandika. Uzuri wa maneno yenyewe usiujengee hoja.

Mfano bora wa hatari ya tafsiri ni mkataba wa Marekani na Tripoli, dola ya Afrika Kaskazini, uliotiwa saini Novemba 1796 na kuidhinishwa na Seneti Juni 1797. Kifungu cha 11 cha maandishi ya Kiingereza, yaliyotoka kwa Joel Barlow, balozi mdogo aliyekuwa Algiers, kinasema kwamba serikali ya Marekani haikujengwa kwa namna yoyote juu ya dini ya Kikristo, na hadi leo watu hubishana kwa kukinukuu. Maandishi ya Kiarabu yalipochunguzwa upya na mwanazuoni wa Kiholanzi mwaka 1930, kifungu hicho hakikuwamo. Mahali pake palikuwa na barua ya Dey, yaani mtawala, wa Algiers kwa Pasha wa Tripoli. Tafsiri hiyo mpya imewekwa pamoja na mkataba kwenye tovuti ya Avalon ya Chuo Kikuu cha Yale. Wasomaji wa pwani yetu wanaosoma Kiarabu wana nafasi nzuri kuliko wanafunzi wengi wa Marekani katika eneo hili, na wasiiache ipotee. Lakini lisichanganywe swali na swali: ukitaka kujua Seneti iliidhinisha nini, hati yako ni ya Kiingereza, ukitaka kujua Tripoli ilijifunga kwa lipi, hati yako ni ya Kiarabu.

Mwisho, watafute wasioandika barua. Wakati wa vita vya 1812 watumwa wengi wa Maryland na Virginia walikimbilia meli za Waingereza, na baada ya amani wamiliki wao walidai fidia, ambayo Uingereza ilikubali kuilipa mwaka 1826. Madai hayo, yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, yana majina na umri wa waliotoroka, ingawa yaliandikwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kupandisha bei. Yalinganishe na kumbukumbu za meli na barua za maofisa wa Uingereza zilizohifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, na katika daftari lako andika kila jina pamoja na hati ulikolitoa, ukinakili tahajia kama ilivyo, kwa sababu mtu huyohuyo aweza kutokea kwa jina tofauti kidogo upande wa pili.