Mpiga Violini Kwanza: Jinsi Ninavyocheza Gemu za Kuchumbiana

Mara ya kwanza nilipocheza, nilikuwa mpole kwa kila mhusika wa gemu. Mpishi akinialika jikoni, naenda. Mpiga violini akinuna, nambembeleza. Mwenye duka la vitabu akisema anapenda mvua, na mimi naipenda. Nikasoma jioni mbili nzima, na mwisho wake nikajikuta nimesimama bandarini peke yangu, muziki wa huzuni unapigwa huku majina ya watengenezaji yakipita. Hakuna aliyeniacha. Ni kwamba tu hakuna aliyenitaka. Bibi yangu husema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika tatu.

Niko Busia, upande wa Uganda, nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Wateja wakipungua, laptopu ya mtumba iko chini ya meza. Gemu hizi zinafaa kibandani kwa sababu hazikimbii: ni hadithi unayoisoma, picha ya mhusika mbele yako, na mara moja moja unaulizwa ujibu nini au uende wapi. Mteja akifika unaiacha, ukirudi unamkuta kijana wako bado anasubiri jibu.

Kwanza kupakua. Gemu za watengenezaji wadogo nyingi ziko kwenye tovuti ya itch.io, nyingine bure, nyingine unalipa unachotaka. Angalia ukubwa kabla ya kubonyeza. Nilizopakua mimi zilikuwa kati ya MB 200 na 600, kwa hiyo nanunua bando la usiku. Kama unaishi mpakani kama mimi, kwanza izuie simu isijichagulie mtandao, maana ikidaka mnara wa Kenya salio lako limekwisha. Kisha soma maonyo. Kuna za watu wazima ambazo hutaki kuzifungua mama akiwa sebuleni, na kuna zenye sura ya utamu tu. Doki Doki Literature Club ya mwaka 2017 ina wasichana wa kupendeza na mashairi, lakini ni gemu ya kutisha, na yenyewe inakuonya mwanzoni kwamba haifai watoto. Liamini onyo hilo.

Sasa uchezaji wenyewe. Sehemu ya mwanzo kwa kawaida ni ya wote: unakutana na kila mhusika, na majibu yako yanahesabiwa kimyakimya. Kila mmoja ana alama zake ambazo huzioni. Ikifika siku fulani gemu inatazama nani ana alama za kutosha, halafu inakuingiza kwenye njia yake, yaani hadithi inayomhusu yeye, na mara nyingi huwezi tena kutoka humo. Nilipogawanya upole wangu kwa watatu, hakuna aliyefika. Kwa hiyo chagua mtu mmoja kabla hujaanza, na umfuate yeye hata pale ambapo jibu linamuudhi mwingine. Mimi nilianza na mpiga violini. Wala si kwamba namtaka mtu anayenuna. Nilitaka tu kujua kinachomnunisha.

Mzee mmoja mteja wangu aliinama akaona nywele za zambarau kwenye skrini. "Binti, huyo ndiye mkwe?" Nikamwambia, "Bado, mzee, tunachunguzana."

Kusevu, yaani kuhifadhi pale ulipofika, ndiko kunakomtofautisha mchezaji na mbabaishaji. Sevu kabla ya kila swali, si baada yake. Gemu nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa Ren'Py, programu ya kuundia gemu za hadithi, na kwa kawaida ukurasa wa kusevu una nafasi 6. Ukibonyeza maandishi yaliyo juu ya ukurasa unaweza kuupa jina. Wa kwangu wa kwanza unaitwa Mpishi, wa pili Duka, wa tatu Violini. Umeme ukikatika na betri ya mtumba ikafa, tafuta ukurasa wenye herufi A: gemu hujisevu yenyewe ukifika kwenye maswali. Umeniokoa mara nyingi. Ukijibu vibaya kwa haraka, zungusha gurudumu la kipanya kwenda juu, au bonyeza Page Up, na maneno yatarudi nyuma mpaka kwenye swali. Watengenezaji wengine huzuia hilo, basi usilitegemee.

Raundi ya pili ndipo watu huchoka, wakidhani lazima wasome upya yote. Shikilia Ctrl. Maneno uliyokwisha kuyasoma yatakimbia, na yatasimama yenyewe ukifika kwenye jipya. Fungua kwanza "Preferences" (mipangilio) uhakikishe "Unseen Text" (kuruka hata maneno ambayo hujayasoma) haijawashwa, la sivyo utaruka busu lenyewe. Hapo kuna ujanja nilioupata baada ya njia mbili: jibu swali kwa namna tofauti, kisha shikilia Ctrl tena. Maneno yakisimama mara moja, jibu lako limefungua kitu kipya. Yakiendelea kukimbia, hakuna jipya la kusoma hapo, ingawa huenda alama zimeongezwa chinichini. Mimi huandika kwenye daftari la hesabu za kibanda, ukurasa wa nyuma: swali, jibu, limesimama au limekimbia. Kwa daftari hilo nilimpata mwenye duka la vitabu bila kuomba msaada kwa mtu. Mwongozo wa mtengenezaji, kama upo, usome baada ya kufika mwisho mmoja kwa akili yako.

Na usidharau miisho mibaya. Nyingine hufungua picha usiyoweza kuipata kwingine, na kuna gemu ambazo njia ya mwisho haifunguki mpaka umalize nyingine zote. Yangu ni ya namna hiyo: kwenye menyu kuna mahali pa mtu wa nne, kivuli tu. Nimebakiza mwisho mmoja kabla hajatokea, ule wa kumkataa mpiga violini usiku wa onyesho lake. Sevu iko tayari, ukurasa wa tatu, nafasi ya kwanza. Mwezi wa pili huu kila nikiifungua naona uso wake, nafunga laptopu, namwita mteja anayefuata.