Wasichana Wawili, Nafasi Moja: Namna ya Kulinganisha Vipaji vya Tenisi Kati ya Miaka 11 na 14

Klabu ina nafasi moja ya ufadhili, na wasichana wawili wanaigombea. A ana vikombe vya kujaza kabati. B amefungwa naye mara tatu mfululizo. Kwa makocha wengi mjadala unaishia hapo: anayeshinda ndiye anayekwenda. Lakini hapo umelinganisha uwezo wa leo tu. Anayetafuta kipaji anauliza nani kati yao atakuwa mbali zaidi akifika miaka 18, na jibu la swali hilo mara nyingi si yule mwenye vikombe, hasa kwa wasichana, ambao miili yao hubadilika mapema na kwa kasi.

Tenga wiki nne. Unahitaji futi ya kupimia, saa ya kuhesabu sekunde, mpira mzito wa mazoezi wa kilo 2, koni chache, simu inayorekodi picha za mwendo wa polepole (fremu 120 au 240 kwa sekunde), na daftari. Pata pia kocha wa pili atakayetoa alama zake bila kuona zako.

Hatua ya 1: Pima mwili kabla ya kupima mchezo

Anza na tarehe za kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Novemba wanashindana kundi moja la umri ilhali mmoja ana karibu mwaka mzima wa ziada. Kwenye miaka 12 hilo ni pengo kubwa.

Halafu pima ukuaji wenyewe. Msichana asimame bila viatu, visigino na mgongo ukutani, asubuhi, upime mara mbili uchukue wastani. Mpime pia akiwa ameketi kwenye kiti kigumu: urefu wa kusimama ukitoa wa kuketi unakupa urefu wa miguu, na miguu ndiyo hutangulia kurefuka. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Wasichana wengi hufikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 12, ila wapo wanaofika wakiwa na 10 na wengine 14. Kwa kilele hicho kasi huwa karibu sentimita 8 kwa mwaka, na hedhi ya kwanza kwa kawaida huja takriban mwaka mmoja baadaye. Swali la hedhi liulizwe na mama yake au kocha wa kike, faraghani, na jibu lisiandikwe kwenye karatasi inayozunguka klabu.

Kukadiria urefu wa utu uzima, jumlisha urefu wa baba na wa mama kwa sentimita, toa 13, gawa kwa mbili. Baba 178 na mama 165 wanakupa 165. Ni makadirio tu. Anaweza kupita au kupungukiwa kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo usimkate mtu kwa namba hiyo.

Sasa rudi kwa A na B. Kama A ameshapita kilele cha ukuaji na B bado, vile vipigo vitatu vinaeleza zaidi habari za mifupa na misuli kuliko za tenisi. Na kama B yuko katikati ya kilele, usimhukumu kwa sevu (pigo la kuanzisha pointi) iliyoharibika ghafla: mikono imerefuka, mpira anaourusha juu unaangukia mahali pengine, na magoti yanauma. Mwache miezi sita ndipo umpime upya.

Hatua ya 2: Soma matokeo kwa jicho la mhasibu

Chukua mechi 20 za mwisho za kila mmoja. Andika mpinzani, umri wake, kiwango chake, matokeo ya kila seti, aina ya uwanja na mji. Kiwango cha WTN (World Tennis Number) cha ITF, shirikisho la tenisi la dunia, kinashuka kadiri mchezaji anavyokuwa bora: 40 ni anayeanza, 1 ni wa juu kabisa. Wazazi wengi huisoma kinyume. UTR (Universal Tennis Rating), mfumo mwingine wa kupima kiwango, inapanda badala ya kushuka, kutoka 1 hadi 16.5, na inaangalia uwiano wa gemu ulizoshinda. Kwa hiyo kufungwa 6–4, 7–5 na mpinzani wa juu kunaweza kuwa habari njema kuliko kumfunga dhaifu 6–3, 6–3.

Ngazi ya dunia ya vijana ya ITF isomwe kwa tahadhari. Mashindano huitwa kwa pointi za bingwa: J30, J60, J100, J200, J300, J500, na Grand Slam za vijana (yale manne makubwa kuliko yote) zina 1000. Kinachohesabiwa ni matokeo sita bora ya mmoja mmoja, pamoja na robo ya matokeo sita bora ya wawili wawili. Mwenye nauli ya kucheza mashindano ishirini ana nafasi nyingi za kupata sita nzuri; aliyecheza matano hata hizo sita hajafikisha. Gawa pointi kwa idadi ya mashindano ndipo uwalinganishe.

Kwa Afrika Mashariki kuna jambo ambalo wageni hulikosa: mwinuko. Nairobi ipo juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na mpira unaruka zaidi. Kanuni zina mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, lakini mazoezini klabu nyingi hutumia ule wa kawaida. Msichana aliyezoea hali hiyo akishuka Dar es Salaam au Mombasa, penye joto na unyevu, mapigo yake yaliyokuwa yanamaliza pointi yanaanza kurudishwa. Wa pwani akipanda Nairobi, mipira yake inatoka nje kwa nusu mita. Usiwalinganishe kwa wikendi moja katika mji wa mmoja wao.

Na usiabudu mataji. Januari 2023, Alina Korneeva alimfunga Mirra Andreeva 6–7, 6–4, 7–5 kwenye fainali ya wasichana ya Australian Open, wote wakiwa na miaka 15. Mwaka huohuo Korneeva akachukua na taji la wasichana la Roland Garros. Baadaye majeraha yakamkwamisha, na Andreeva akashinda mashindano ya wakubwa ya Dubai na Indian Wells mwanzoni mwa 2025 akiwa na 17. Aryna Sabalenka, aliyekuja kuwa namba 1 duniani, hakucheza hata droo kuu ya Grand Slam ya vijana.

Hatua ya 3: Rekodi mechi tatu za kila mmoja, pointi kwa pointi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nisingekubali njia ya mkato. Mechi moja haitoshi. Tatu dhidi ya wapinzani wa mitindo tofauti zinaanza kusema kitu: mmoja anayegonga kwa nguvu, mmoja anayerudisha kila mpira, na mmoja wa mkono wa kushoto ukimpata.

Kila pointi iandikwe mstari mmoja: sevu ya kwanza au ya pili, idadi ya mapigo, nani kashinda, na imeishaje (pigo la ushindi, kosa la kulazimishwa, kosa la bure). Baadaye hesabu asilimia ya sevu za kwanza zilizoingia, pointi alizoshinda nyuma ya sevu ya pili, pointi alizoshinda akipokea sevu ya pili ya mwenzake, na pointi za mapigo manne au chini. Hii ya mwisho inawashangaza wazazi, maana kwenye tenisi ya wakubwa pointi nyingi huishia hapo, wakati watoto wa miaka 11 hufundishwa kurudisha mpira mpaka mwenzake achoke.

Tuseme A ameingiza 70% ya sevu za kwanza na mechi nzima kaharibu sevu zote mbili mara moja tu. B ameingiza 48% na kaharibu mara tisa. Kwa karatasi A yuko mbele. Sasa fungua video ya mwendo wa polepole, iliyopigwa kwa nyuma na kwa ubavuni. A anashika raketi kama anayegeuza chapati, kiganja kikiwa nyuma ya mpini, na kwenye sevu ya pili anausukuma mpira taratibu uvuke wavu. B anatumia mshiko wa kontinentali, kama anayeshika nyundo. Raketi inashuka nyuma ya mgongo, inapanda kwa ukingo, na mkono unaongeza kasi hata kwenye sevu ya pili. Mpira wake unazunguka, unapita juu ya wavu kwa nafasi, unadunda hadi mabegani kwa mpokeaji. Zile tisa zilizoharibika zinatokana na mpira anaourusha kichwani kuelekea kushoto, kosa la kurekebisha kwa wiki chache. Mshiko wa A utachukua mwaka, na katika mwaka huo atafungwa na watu aliokuwa anawafunga. Wengi hukataa kupita hapo.

Sevu ya pili ndiyo ninayoipa uzito kuliko pigo lolote lingine. Hata kwenye WTA, mashindano ya wanawake wa kulipwa, wachezaji wengi hushinda pungufu ya nusu ya pointi za sevu yao ya pili. Ile ya kusukumwa ikikutana na mpokeaji wa miaka 16 anayesogea hatua mbili ndani ya uwanja, gemu imekwisha. Mwenye sevu hafifu anaweza kutawala kundi la miaka 12 kwa sababu wapokeaji wa umri huo hawana nguvu ya kumwadhibu.

Hatua ya 4: Vipimo vya mwili, kwa kiasi

Pima mbio za mita 5 na 20, majaribio matatu, chukua bora. Pima kurusha mpira wa kilo 2 kwa mikono yote kutoka juu ya kichwa. Kisha zoezi la kuokota mipira mitano: chora mstatili wa sentimita 30 kwa 45 nyuma ya alama ya katikati ya mstari wa nyuma, weka mipira kwenye kona mbili za mstari wa nyuma na mstari wa pembeni wa mchezo wa mmoja mmoja, miwili pale mstari wa sevu unapokutana na mistari hiyo ya pembeni, na mmoja katikati ya mstari wa sevu. Akimbie aulete mmoja mmoja kwenye mstatili. Saa inasimama mpira wa mwisho ukishawekwa.

Kosa la kawaida ni kulinganisha sekunde za A na za B wakati mmoja ameshakua na mwingine bado. Linganisha kila mmoja na matokeo yake ya miezi sita iliyopita. Pamoja na saa, angalia anavyotua baada ya kuruka: magoti yanayoingiana ni onyo la jeraha, na linafanyiwa kazi sasa.

Urefu unasaidia lakini hauamui. Karolína na Kristýna Plíšková ni mapacha. Mwaka 2010 Karolína alishinda Australian Open ya wasichana na Kristýna akashinda Wimbledon ya wasichana. Kristýna, wa mkono wa kushoto, alipiga ace 31 (sevu ambazo mpokeaji hakuzigusa) katika mechi moja ya Australian Open 2016, akafungwa. Karolína alifika namba 1 duniani 2017. Kilele cha Kristýna kilikuwa 35. Futi ya kupimia isingewatenganisha.

Hatua ya 5: Wafundishe kitu wasichokijua

Kwangu kipimo hiki kina thamani kuliko vikombe vyote. Chagua ufundi ambao wote wawili hawana, mfano pigo la kuudondosha mpira mfupi nyuma tu ya wavu, au sevu ya kuzungusha kwenda nje ya uwanja. Mpe kila mmoja mipira 20 bila maelekezo, hesabu iliyoingia kwenye eneo ulilowekea koni. Fundisha dakika 20 kwa maneno yaleyale. Wape tena mipira 20. Baada ya siku saba bila kuufanyia mazoezi ufundi huo, wape 20 nyingine.

Namba ya siku ya saba ndiyo ya kuandika. Anayetoka 4 hadi 14 siku hiyohiyo kisha akarudi 6 ameiga tu. Anayetoka 4 hadi 9 na wiki ijayo akapata 10 amejifunza. Ukipima siku ileile pekee, utamchagua mwigaji.

Hatua ya 6: Kaa pembeni, usiseme

Mechi nyingi za vijana hazina mwamuzi wa kila mstari; wachezaji wenyewe huita ndani au nje. Tazama anavyoita mpira wa shaka akiwa 4–5. Tazama sekunde 25 kati ya pointi na pointi: anaangalia nyuzi za raketi na kupumua, au anamtazama baba yake kwenye ua? Anayemtazama mzazi kila baada ya kosa si dhaifu. Mara nyingi ni ishara kwamba kuna mazungumzo ya kufanywa na mzazi, siyo na mtoto.

Angalia pia anavyocheza wawili wawili. Angella Okutoyi alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam, na alilipata kwenye wasichana wawili wawili Wimbledon 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Voli (mapigo kabla mpira haujadunda) na sevu zinazohitajika huko hazifichiki.

Hatua ya 7: Toa alama, kila mtu peke yake

Mgawo ninaoupendekeza kwa jumla ya 100: kujifunza 25, sevu na kupokea sevu 25, mwendo na mwili baada ya kuzingatia ukuaji 20, uamuzi ndani ya pointi 15, tabia na mazingira ya nyumbani 10, matokeo 5. Ndiyo, matokeo alama tano tu. Yameshajitokeza kwenye vipengele vingine. Alama zenu wawili zikipishana zaidi ya 10, rudini kwenye video kabla ya kubishana. Tofauti ya A na B ikiwa chini ya 8, chukulieni wako sawa, mgawanye ufadhili, mpime tena baada ya miezi sita.

Mzigo uandikwe pembeni ya alama: saa za mazoezi kwa wiki, mechi kwa mwezi, maumivu ya mgongo, bega au goti, na hedhi iliyokatika. Aliyefikia kiwango chake kwa saa 8 kwa wiki ana nafasi ya kupanda kuliko aliyefikia hapohapo kwa saa 20. WTA yenyewe ina kikomo cha mashindano kwa walio chini ya miaka 18, kanuni iliyokazwa katikati ya miaka ya 1990 baada ya kisa cha Jennifer Capriati, aliyeingia ulimwengu wa kulipwa 1990 akiwa na miaka 13, kisha akaacha kwa muda akiwa bado kijana.

Ripoti kwa wazazi iwe ukurasa mmoja, kila familia na yake: vipimo vya mtoto wao, mambo mawili ya kufanyia kazi, na tarehe ya kupimwa tena. Alama za mtoto wa mwenzake zisiwemo.