Kubadilisha pedi za breki za mbele za Toyota IST nyumbani

Pedi zikikaribia kuisha, kibati kidogo kilichobanwa juu yake hugusa diski na kutoa mlio mwembamba kama filimbi. Huo ndio wakati wa kununua pedi. Ukisubiri mpaka usikie mkwaruzo mzito, chuma kinasaga chuma na diski nayo inaingia kwenye gharama. Pedi mpya ina unene wa karibu milimita 10. Ikibaki 3, itoe. Nunua seti ya pedi nne, ubadilishe kushoto na kulia siku hiyohiyo, la sivyo gari litavuta upande mmoja unapofunga breki.

Andaa jeki, stendi mbili za jeki, spana ya nati za tairi namba 21, spana za kalipa, yaani kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski (kwa kawaida bolti ni namba 14), klampu ya seremala, brashi ya waya, kipande cha waya mgumu na grisi maalumu ya breki. Grisi ya bearingi usiiguse hapa: huvimbisha vijipira vya kalipa. Petroli ambayo wengi hupenda kusafishia hufanya vilevile.

Egesha mahali pagumu na tambarare, weka P, vuta hendibreki, kinga tairi za nyuma kwa mawe. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, ndipo uinue na kuweka stendi. Kwenye mchanga tanguliza ubao mpana. Jeki peke yake haiaminiki hata kwa dakika tano.

Fanya upande mmoja umalize, ule mwingine ukubakie kama mfano. Toa tairi, geuza usukani ili kalipa ijitokeze, fungua bolti ya chini huku spana ya pili ikizuia pini (chuma ambacho kalipa huteleza nacho) isizunguke, kisha inua kalipa juu na uifunge kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake wa oili; mpira hupasuka ndani bila kuonekana nje.

Kabla ya kutupa pedi za zamani, zitazame. Ya ndani imeisha na ya nje bado nene, au imelika kimshazari? Mara nyingi pini zimekamata. Hapa ndipo kazi nyingi za haraka huharibika: pedi mpya zinawekwa, pini hazifunguliwi, na baada ya miezi michache kelele inarudi. Chomoa pini zote mbili, zifute, paka grisi kiasi cha kuzifunika tu, rudisha vijipira vyake. Zikisukumwa kwa kidole ziteleze. Diski nayo ina unene wa chini ulioandikwa pembeni mwake. Ikiwa chini ya hapo, badilisha.

Fungua kifuniko cha chupa ya oili ya breki, weka pedi kuukuu mbele ya pistoni (kile chuma cha mviringo ndani ya kalipa kinachosukuma pedi) na ukaze klampu polepole ili irudi ndani. Oili itapanda. Ikikaribia kufurika ipunguze kwa bomba la sindano, maana inakula rangi ya gari. Pistoni ikigoma kabisa, au ukiona unyevu kuizunguka, hiyo ni kazi ya fundi.

Safisha breketi, fremu inayoshika pedi, kwa brashi (vumbi usilipulize, lipanguse kwa kitambaa chenye maji), weka vibati na pedi mpya, ile yenye kibati cha mlio katika nafasi ileile ya zamani. Uso wa pedi na diski visiguswe na grisi hata tone. Rudisha kalipa, kaza bolti, funga tairi. Gari likishuka, kaza nati kwa kuvuka katikati, Nm (nyutoni-mita) 103 ukiwa na spana ya kipimo cha nguvu ya kukaza.

Sasa, kabla ya kuingiza gia: kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi sakafuni, na aliyesahau hili hugonga ukuta wa uani. Angalia oili, ongeza oili ya breki ya aina ya DOT 3 ikipungua. Kisha barabara tulivu: kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara nane hivi, bila kusimama kabisa, ukiacha breki zipoe kati ya kila mara.