Kumfundisha mchezaji kuamua vizuri akiwa amechoka au amekamia mechi

Dakika ya 80, kiungo wangu alinasa mpira katikati ya uwanja. Winga wa kulia alikuwa peke yake, anapunga mikono. Kijana hakumwona, akabutua mbele, mpira ukaishia kwa kipa. Nilimfokea sana. Mazoezini, akiwa na pumzi zake, pasi ileile aliitoa bila shida. Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemfundisha kuamua akiwa hajachoka tu.

Utaratibu ninaoutumia sasa na vijana wangu hapa Mtwara ni huu.

Hatua ya 1: Pima mapigo ya moyo

Huhitaji kifaa. Vidole viwili shingoni, hesabu kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Kiwango cha juu hukadiriwa kwa kutoa umri kwenye 220; kwa kijana wa miaka 17 ni 203. Asilimia 80 hadi 90 ya hapo, ambako mechi ngumu humfikisha, ni kama mapigo 41 hadi 46 katika sekunde 15.

Hatua ya 2: Mpime akiwa hajachoka

Washambuliaji wanne, mabeki watatu na kipa, mashambulizi 10. Msaidizi aandike uamuzi, asiandike goli. Pasi sahihi iliyopigwa vibaya ina alama. Goli la bahati huku mwenzake yuko wazi halina.

Hatua ya 3: Mchoshe, kisha rudia zoezi lilelile

Hapa ndipo penye kazi. Weka koni kwenye mstari wa goli na mstari wa kati, akimbie kwenda na kurudi. Mara ya kwanza kidogo tu, jasho lianze kutoka. Utaona wengi wanaamua haraka kuliko walipokuwa baridi, maana mwili umeamka. Kwa hiyo usiogope kuwakimbiza kabla ya mechi. Anayeingia baridi huchelewa kuamua.

Mara ya pili mfikishe kwenye asilimia 90, umwingize mchezoni papo hapo. Ukimsubirisha, mapigo yanashuka na kipimo kimeharibika. Sasa tazama macho yake, achana na miguu: yanaganda kwenye mpira. Mwanasaikolojia Easterbrook alilieleza hili mwaka 1959: msisimko ukipanda, uangalifu hubana. Mtu huacha kwanza yasiyohusika, na ni faida. Ukizidi, huacha hata yanayohusika. Winga aliye pembeni ndiye wa kwanza kupotea.

Viwanja vyetu vya mchanga vinamaliza miguu mapema, na joto la Desemba, lenye unyevu wa bahari, halikaushi jasho. Fanyeni zoezi hili jioni, maji yakiwa karibu. Anayelalamika kizunguzungu atoke, akae kivulini, asirudi siku hiyo.

Hatua ya 4: Ongeza presha

Waambie wamefungwa 1-0 na zimebaki dakika tatu. Wenzao wasimame pembeni wapige kelele. Kukamia hukimbiza moyo hata kwa asiyekimbia, na atakayepaniki utamjua hapa, kabla hajakugharimu kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona.

Hatua ya 5: Mpe tabia ya kushikilia

Aliyechoka harudii ulichomwambia, anarudia alichozoea. Mimi nafundisha vitu viwili tu: kugeuza shingo kutazama nyuma kabla mpira haujafika, na kutoa pumzi polepole kila mpira unapotoka nje. Nahesabu shingo zinazogeuka, kila zoezi, wiki nzima, mpaka wanazigeuza bila kuambiwa.

Hatua ya 6: Siku ya mechi

Hotuba moja ya kuwasha moto kwa timu nzima naiona ina madhara. Beki mpole huenda anahitaji kuamshwa, lakini straika ambaye tayari mikono inamtetemeka ukimchochea unamharibu. Mwite kando, ongea naye taratibu. Mapumziko, maji kwanza. Waache dakika tatu wapumue, kisha toa maagizo mawili. Kuanzia dakika ya 65 fungua daftari lako la hatua ya 3: yule ambaye alama zake zilianguka zaidi akichoka ndiye ninayemtazama kwanza ninapofikiria kufanya mabadiliko, hata kama bado anakimbia.